Mawazo yamekauka: utatuzi wa matatizo kwa mpiga picha wa Unguja na Pemba

Wapiga picha wanaoishi kwa kazi hii hapa visiwani, wakikutana barazani baada ya harusi au kwenye boti ya kwenda Pemba, hutoa malalamiko yale yale. "Sina jipya." "Nikifungua kompyuta naona picha ya mwaka jana." "Nimetoka mchana kutwa, nimerudi na kadi tupu." Nimeyapanga malalamiko hayo kwa dalili. Kila dalili inaanza na sababu inayotokea zaidi na ukaguzi usiogharimu hata shilingi, kisha tiba inayochukua muda. Tafadhali usiruke hatua. Wengi wananunua lenzi mpya kwa mkopo ilhali tatizo lao lilikuwa saa ya kutoka nyumbani.

Dalili: picha zimepoa na hujui kwa nini

Anza na vyombo kabla ya kujilaumu. Hewa yetu ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na lenzi iliyolala kwenye begi tangu masika huota kuvu baina ya vioo. Kuvu ikiwa changa haileti doa kwenye picha. Inachofanya ni kufifisha weusi na kupausha rangi kidogo kidogo, na mwenye kamera huku nyuma anaamini jicho lake ndilo lililochoka.

Vua lenzi, fungua tundu lake lote, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba zinazotambaa kutoka ukingoni, hiyo ni kuvu. Kisha tazama kioo cha mbele: aliyekuwa pwani wakati wa kusi hurudi na ukungu wa chumvi juu yake bila kujua. Mwisho piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16, yaani tundu likiwa limebanwa. Doa linalorudi mahali pale pale katika kila picha ni vumbi la sensa, kile kipokea mwanga kilicho ndani ya kamera.

Kuna jambo jingine dogo linalowasumbua wanaopiga kwenye mahoteli: kamera ikitoka chumba chenye kiyoyozi na kukutana na joto la nje, inatoka jasho. Iache ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa kabla ya kuitumia. Na ikiwa picha zako za ukumbini zina mistari ya giza inayokatiza, zile ni taa za LED zikipigana na shata yako. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo jaribu 1/50 au 1/100 ya sekunde kabla ya kulaumu kitu kingine.

Simama hapa: kuvu iliyo ndani ya lenzi na uchafu uliogandamana kwenye sensa si kazi ya pamba na mafuta ya taa. Peleka kwa fundi wa kamera. Lenzi yenye kuvu usiiweke begi moja na zilizo nzima.

Dalili: picha zangu zote zinafanana

Hii ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote, na sababu yake ya kwanza ni saa. Kila faili la picha limebeba saa iliyopigwa na urefu wa lenzi iliyotumika. Fungua kazi zako za miezi michache, zipange kwa saa, utazame. Mara nyingi utakuta karibu zote zimekusanyika baina ya alasiri na magharibi. Tuko karibu na ikweta, jua linazama wima na kwa haraka, mwanga laini haukai. Sote tunagombania kipande kile kile kidogo cha siku, halafu tunashangaa picha zinashabihiana.

Tiba ni kuhama saa. Toka baada ya sala ya alfajiri, nenda Malindi samaki wanapoteremshwa, ukae mpaka mnada uishe. Au fanya linalokimbiwa na wengi: piga mchana. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua linatupita utosini kabisa, na uso wa mtu uwanjani huwa na mashimo meusi ya macho. Lakini Mji Mkongwe una vichochoro vyembamba vyenye kuta za chokaa, na saa sita jua linapopiga ukuta wa juu, mwanga unashuka ukidunda kutoka ukuta mmoja kwenda wa pili mpaka unamfikia mzee aliyekaa kwenye baraza kivulini. Huo ni mwanga mzuri kuliko wa studio nyingi, na haulipiwi. Mkalishe mtu akiangalia upande wa ukuta uliowaka, wewe uwe upande wa giza. Sogea hatua mbili kushoto, hatua mbili kulia, uone shavu linavyobadilika.

Sababu ya pili ni lenzi moja na kimo kimoja. Zipange tena faili, safari hii kwa urefu wa lenzi. Kama karibu zote ni za lenzi ile ile na umesimama wima kwa kimo chako, umeshajipatia jibu. Wiki nzima tumia lenzi moja usiyoizoea, na upige ukiwa umekaa chini. Watu wetu wengi hukaa chini: kwenye mkeka, jamvini, kibarazani, ndani ya ngalawa. Anayewapiga akiwa amesimama anawatazama utosini.

Sababu ya tatu ni rangi. Filta moja uliyoihifadhi na kuibandika kila mahali inaifanya bahari ya Nungwi ifanane na ya Mkoani, na haifanani. Iondoe kwenye picha kadhaa za zamani, zihariri upya moja moja, utaona tofauti zilizokuwa zimezikwa.

Sababu ya mwisho, na si ya mara nyingi kama tunavyodai, ni wateja. Mteja anaomba alichokiona. Mpe hicho, kisha mwongezee picha moja ambayo hakuiomba. Nimeona mara nyingi hiyo moja ndiyo inayoning'inizwa ukutani.

Ukishafanya yote hayo na picha bado zinafanana, nenda kwenye tiba nzito: jinyime. Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Filamu ilikuwa ghali, na mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza alishughulikia mkono ukae wapi, kitambaa cha nyuma kiseme nini na nguo, kichwa kielekee wapi. Jaribu siku moja kumpiga kila mtu picha moja, bila kutazama skrini mpaka urudi nyumbani. Utagundua kwamba fikra nyingi ulikuwa unaiachia shata.

Dalili: picha zangu ni kama za kila mtu

Ngalawa na jua linazama. Mlango wenye misumari ya shaba. Paka juu ya ngazi. Vijana wanaruka baharini pale Forodhani. Hakuna ubaya katika picha hizi, na vijana wa Forodhani wanaruka vizuri kweli. Tatizo ni kwamba mgeni wa siku tatu anazipata pia.

Sababu inayotokea zaidi: uliangalia picha za watu wengine za mahali hapo usiku uliotangulia, ukaenda kuzitafuta, ukazipata. Ukaguzi ni rahisi: je, ulijua utarudi na nini kabla ya kuondoka nyumbani? Kama ndiyo, funga simu siku mbili kabla ya safari inayofuata.

Sababu ya ndani zaidi, ambayo ndiyo hasa inanifanya niandike haya, ni kutokujua kazi inayofanyika mbele ya kamera. Wazo hutokana na kujua. Asiyejua kinachofuata hubaki kupiga kinachopendeza.

Chukua mwani. Kilimo cha biashara cha mwani kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mpiga picha anafika Paje au Jambiani jioni, anakuta maji yamejaa, hakuna mtu, anapiga mnazi anaondoka. Angeuliza angeambiwa: mwani hufanyiwa kazi siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa mbali. Siku hizo bahari hapa kwetu hukauka sana baina ya asubuhi na adhuhuri, na saa husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Jioni yake maji yamejaa. Kwa maneno mengine, ukisubiri mwanga wa dhahabu hutamwona mkulima hata mmoja. Siku za maji mafu ndiyo bahari hupungua nyakati za asubuhi mapema na jioni, lakini haitoki ya kutosha.

Kwa hiyo kalenda ya mwezi iliyo ukutani kwako, ile unayoitazamia Ramadhani, ndiyo ratiba yako ya kazi. Tarehe mosi na kumi na tano ya mwezi, na siku mbili tatu baada yake, uwe ufukweni tangu saa tatu. Jua litakuwa kali. Basi lifanyie kazi: mchanga mweupe unarudisha mwanga chini ya ushungi, kivuli cha mtu kinakuwa kifupi na cheusi miguuni, na filta ya polaraiza inakata mng'ao ukaona kamba na vigingi chini ya maji ya kifundo cha mguu. Sogea karibu utazame vidole: mkulima anafunga kipande cha mwani kwenye kamba bila kuangalia, anazungumza na mwenzake wa mstari wa pili, na fundo linakaza kabla hajamaliza sentensi. Picha ya vidole vile na mdomo unaocheka huipati kwa lenzi ndefu kutoka kivuli cha mnazi.

Pemba ni karafuu. Wengi hupiga majamvi yaliyotandazwa kando ya barabara, kwa sababu yanaonekana kutoka ndani ya gari. Lakini kazi ya karafuu ina usiku wake. Vikonyo vilivyochumwa mchana vinarudi nyumbani, na baada ya magharibi watu wazima na watoto wanakaa kuzunguka lundo wanachambua: shada linapigwa kiganjani, karafuu zinaanguka upande huu, makonyo upande ule. Mwanga ni wa taa moja. Mikono inang'aa mafuta, na chumba chote kinanukia mpaka nguo zako kesho zitanukia. Asubuhi karafuu ni za kijani na wekundu wa waridi, na kila siku ya jua zinazidi kuwa kahawia. Wingu likitanda, kijiji kizima kinakimbilia majamvi, maana karafuu iliyonyeshewa inapoteza thamani. Mpiga picha aliyelala kijijini ana usiku, ana asubuhi, ana mbio za mvua. Aliyepita na gari ana jamvi.

Kama huwezi kusafiri, ukaribu huo huo upo mjini. Chagua fundi mmoja, wa makasha au wa kofia za mkono, umtembelee mara kwa mara bila kamera kwanza. Kofia moja inachukua muda mrefu kukamilika, na hadithi ya kofia ina watu wengi: anayechora, anayetoboa, anayeshona, anayeivaa Ijumaa.

Na ziangalie za zamani. Capital Art Studio, barabara ya Kenyatta, ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit. Nyaraka za Taifa pale Kilimani nazo zina picha za enzi nyingi. Tafuta picha ya mtaa unaoupita kila siku, simama aliposimama aliyeipiga. Beit el Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 enzi ya Seyyid Barghash, iliporomoka sehemu yake pamoja na mnara tarehe 25 Desemba 2020, na picha ambazo watu walizidharau kuwa ni za kila mtu zikawa kumbukumbu siku ile ile. Hili linanibakishia neno moja kwa anayeona aibu kupiga jengo lililopigwa sana: lipige, lakini andika tarehe, mahali uliposimama, na nani alikuwa anapita.

Dalili: harusi ni ile ile, bibi harusi tu ndiye anayebadilika

Sababu ya kwanza: unafika ukumbini. Harusi yetu ina siku kadhaa nyuma ya ukumbi, na ukumbi ndiyo sehemu inayofanana zaidi kwa sababu jukwaa, viti na maua ni vya kukodi. Omba kazi ianze mapema, hata kwa nyongeza ndogo ya bei. Siku ya hina, mikono na miguu ya bibi harusi imechorwa hina na piko, hawezi kushika kitu, basi dada yake anamlisha kwa mkono na shoga yake anamfuta jasho. Katika nyumba hiyo kuna picha za mapenzi ambazo jukwaa halitakupa. Kuna singo, manukato ya kusugulia mwili, inayotwangwa, kuna kisutu, nguo ya bibi harusi, kinachofunguliwa kutoka kwenye karatasi yake, kuna baba anayetoka nje kusimama peke yake dakika mbili.

Sababu ya pili: humjui mtu yeyote pale. Kaa na familia kabla. Uliza nani amelea nani, nani ametoka Muscat au Mombasa kwa ajili ya siku hiyo, bibi yupi hana afya. Ukijua hayo, utajua wapi pa kusimama machozi yatakapotoka.

Sababu ya tatu ni orodha ya pozi ulizokariri. Ziweke mwisho, zimalize kwa robo saa, urudi kwa watu.

Onyo, na hili halina mjadala. Shughuli ya wanawake ina sitara yake. Kama wewe ni mwanamume, sehemu hiyo mwachie mpiga picha mwanamke na umlipe haki yake, badala ya kutafuta upenyo wa mlangoni. Picha za wanawake waliojistarehesha hazihaririwi dukani mbele ya wapita njia, haziingii kwenye simu ya msaidizi, na hazitumiki kujitangaza mpaka mwenyewe aseme ndiyo, kwa kila picha. Wazo zuri la picha halihalalishi kuvunja amana.

Dalili: watu wananigeuzia uso

Mara nyingi sababu ni kwamba kamera ilitangulia salamu. Ukifika kijijini nenda kwanza kwa sheha, kiongozi wa eneo, eleza umetoka wapi na picha zinakwenda wapi. Kisha salimia kama unavyosalimia kwenu: shikamoo kwa mkubwa, subiri marahaba, uliza hali, kaa ukikaribishwa, kunywa chai. Akisema "mimi usinipige, piga nyavu", piga nyavu kwa moyo wote. Mara nyingi mikono yake itaingia kwenye fremu yenyewe.

Sababu ya pili: watu wamechoka kupigwa na wasiorudi. Chapisha picha ndogo, zirudishe. Hakuna barua ya utambulisho inayoshinda picha iliyobandikwa ukutani kwa jirani. Kwa watoto, ruhusa ni ya mzazi au mlezi, hata mtoto akikuvuta shati umpige.

Simama hapa: bandari, kambi za jeshi na polisi, na majengo ya serikali usiyapige bila idhini, na droni usiirushe bila kibali kwa kuwa tu ufuko ni mtupu. Ukizuiwa na askari, usibishane, usifute wala usifiche kitu; eleza kazi yako kwa utulivu, na kama jambo linakuwa kubwa tafuta wakili.

Dalili: mawazo ninayo, hayafiki mwisho

Hapa sababu karibu daima ni moja: wazo ni kubwa mno. "Maisha ya wavuvi" haliishi. "Ngalawa ya mzee mmoja wa Kizimkazi tangu kutiwa sifa (mafuta ya samaki yanayopakwa chombo) mpaka kushushwa majini" linaisha. Lipunguze mpaka liingie kwenye sentensi moja yenye mtu, mahali na mwisho. Weka siku ya kuonyesha, hata kama ni kuonyesha kwa wenzako watano sebuleni, na uchapishe karatasi. Picha kumi na mbili zilizotandazwa sakafuni zinakuambia ipi inakosekana. Mia nne kwenye skrini hazisemi kitu.

Dalili: sitaki hata kuishika kamera

Kagua mwili kwanza. Msimu wa harusi kabla ya Ramadhani na baada ya Idi unamaliza watu: usiku ukumbini, mchana kuhariri. Ukilala vizuri siku chache na hamu ikarudi, ilikuwa uchovu. Kinachofuata ni pesa. Anayedaiwa kodi na kudai wateja watano hawezi kuwa na fikra tulivu, na dawa yake ni malipo ya awali kabla ya kazi na baki kabla ya kukabidhi, imeandikwa. Ya tatu ni msiba au mtafaruku wa nyumbani. Huo una muda wake, usiulazimishe uzae picha.

Lakini kama hali imekaa wiki mbili au zaidi, usingizi umekimbia au umezidi, chakula hakiliki, umejitenga na watu, na mambo yote uliyoyapenda yamekuwa matupu, siyo picha tu, acha kusoma miongozo kama huu. Nenda hospitali ukaonane na daktari: Mnazi Mmoja au Kidongo Chekundu kwa aliye mjini Unguja, Chake Chake, Wete au Mkoani kwa aliye Pemba. Ikiwa umefikia kuwaza kujidhuru, nenda leo hii, na usiende peke yako. Mwambie mtu wa karibu akusindikize. Harusi ulizokwisha kuzikubali mkabidhi mwenzako unayemwamini, pamoja na ratiba, malipo ya awali na namba za familia, na uwapigie wenye shughuli wewe mwenyewe au umwombe ndugu awapigie, wajue nani anakuja.